Msiwahukumu waliofukiwa na tope Hanang

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikaporomoka hadi mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha.

Msiba wa namna hii haukosi wa kusema Mungu ameadhibu uasi. Husomwa Hesabu 16, pale ardhi ilipowameza Kora, Dathani na Abiramu kwa kumpinga Musa.

Tunawasihi wahubiri, kuanzia Nangwa hadi Mbulu: isomeni sura hiyo hadi mwisho. Waasi wale walitajwa kwa majina na kosa lao lilijulikana. Kabla ardhi haijapasuka, Musa aliwaambia watu waondoke karibu na hema zao. Tauni ilipozuka baadaye kati ya watu, kuhani Haruni alikimbia na chetezo chake, akasimama kati ya wafu na walio hai mpaka ikakoma. Hesabu 26 inaongeza kwamba wana wa Kora hawakufa.

Hanang alitajwa nani? Mtoto aliyesombwa na tope alimwasi nani? Wataalamu wa Serikali walieleza kuwa miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikaelemewa na kumeguka. Anayemwambia mfiwa kuwa marehemu wake alikuwa na laana hakutumwa na Mungu. Marafiki wa Ayubu walisema vivyo hivyo, wakakemewa.

Onyo la Maandiko linabaki pale pale, na linawahusu kwanza wenye dhamana. Kiongozi anayejua njia ya maji, akanyamaza nyumba zikijengwa juu yake, asimsingizie Mungu mafuriko yakija.

Musa alionya mapema, nasi tuonye. Serikali za vijiji zioneshe wazi maeneo ya hatari na kuwatafutia wakazi pa kuhamia. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe kanisani pamoja na matangazo ya Jumapili, na msikitini Ijumaa, kwa Kiswahili na kwa Kiiraqw au Kidatoga pale wazee wanapohitaji. Miti ya mlimani ilindwe.

Haruni hakuuliza nani mwenye dhambi kabla ya kukimbilia wagonjwa. Viongozi wa dini wa Hanang wafanye hivyo: wawatembelee wafiwa, wawasaidie yatima kubaki shuleni, na wakome kuwapa walionusurika mzigo wa hatia wasiyoijua.