Mwambieni Saa ya Kuondoka

Yupo mtu kwenu ambaye harusi ikiwa ya saa nane mnamwambia ni ya saa sita, ili awahi. Funguo zikimpotea hamshangai tena. Kazi ya wiki mbili huishika usiku wa mwisho, akakesha nayo, na asubuhi akaileta ikiwa nzuri kuliko za wenzake, au asiilete kabisa. Tangu utotoni kaitwa mvivu, kichwa panzi, mtu asiyejali. Namwombea atazamwe upya, maana huenda ana ADHD. Mimi niliyabeba majina hayo miaka mingi kabla ya daktari kuniambia kwamba ninayo.

ADHD ni hali ya ubongo, na kwa sehemu kubwa hurithiwa. Daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London kuhusu watoto wa namna hii mwaka 1902, kwa hiyo si jambo la juzi. Wala si la watoto peke yao; wengi huzeeka nalo. Kwa mtu mzima, kinachosumbua sana ni kutouhisi wakati unavyokwenda. Mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, huita hali hiyo upofu wa wakati. Nami naijua: kwangu kuna sasa, na kuna baadaye. Ijumaa hukaa huko baadaye, mbali, hadi siku inipate nikiwa bado natafuta soksi.

Ndiyo maana neno “jipange” halitusaidii, hata likisemwa kwa upendo. Tunasaidiwa na wakati unaoonekana kwa macho.

Basi unapomwalika mtu huyu, usiishie kumtajia saa ya shughuli. Mwambie saa ya kuondoka: “Saa saba kamili uwe mlangoni, viatu mguuni.” Kuhesabu kurudi nyuma, kuoga, kupiga pasi, foleni ya daladala, ndiko kunakomshinda, na wewe unaweza kumhesabia kwa dakika moja. Ofisini, andikeni saa bila utata. Simu inaonyesha 15:00, mdomo unasema saa tisa, tangazo limeandikwa “saa 3”. Wengine hutafsiri bila kufikiri, yeye hupotelea hapo. Andikeni “saa tisa alasiri, 15:00”, yaishe. Na ukutani tundikeni saa ya mishale. Ya tarakimu humwambia ni saa ngapi tu, lakini mshale humwonyesha nafasi iliyobaki ikipungua.

Wazee wa pwani waliagana “baada ya Alasiri”, na adhana ikawakumbusha wote kwa pamoja. Hakuna aliyetakiwa kuubeba wakati kichwani peke yake. Naona tunaweza kumfanyia hivyo mtu wetu. Kazi ya mwezi mzima ikatwe vipande, na kipande cha kwanza kidaiwe Jumanne, tena udai kweli.

Jambo jingine halina gharama yoyote: kaa naye. Akiwa na fomu za kujaza au vyombo vilivyolundikana, leta kiti, shona au chambua mchele wako, usimhimize. Kuna kazi zilizonilemea miezi mitatu, nikazimaliza mchana mmoja kwa sababu dada yangu alikaa pembeni akisuka ukili.

Wazazi, mwalimu akiwaita mara tatu kuhusu mtoto asiyetulia, fimbo isitangulie. Kliniki za afya ya akili zipo, za hospitali za Muhimbili na Mathari zikiwemo. Kuna dawa na kuna mafunzo, na mtaalamu ndiye atakayepima kama kweli ni ADHD au ni jambo jingine, kama kukosa usingizi au kutosikia vizuri. Nanyi watu wazima mliojiona katika maneno haya, nendeni pia. Msione haya kwenda.

Na harusi ijayo, msimdanganye saa. Mmoja wenu ampitie nyumbani mapema, amgongee mlango, amsubiri avae, watoke pamoja.