Je, Mwanachuo Angoje Prosesa ya Kizazi Kipya?

Miongoni mwa maswali ambayo wanachuo humletea mkufunzi nje ya saa za masomo, limezuka moja ambalo halikuwamo katika vitabu vya mbinu tulivyosomea sisi. Mwanachuo amekwisha kuweka akiba ya kununulia kompyuta mpakato, au wazazi wake wameuza kahawa huko Mbozi wakamtengea fungu lake. Kisha anasikia kwamba kampuni za ng'ambo zinakaribia kutoa prosesa za kizazi kipya, zenye kasi zaidi na zinazotumia umeme kidogo. Anauliza: ninunue sasa, au ningoje?

Maoni yangu ni kwamba, kwa mwalimu wa shule ya msingi, kungoja kwa sababu hiyo peke yake hakuna faida. Hata hivyo sisemi kwamba kizazi cha prosesa ni jambo la kupuuzwa. Kinatuhusu sana, ila kwa upande ambao wengi hawauangalii, nao ni upande wa chini.

Yafaa kwanza tuelewe mambo yanavyokwenda. Prosesa ni ile sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri zote za programu. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Intel, alitabiri kwamba idadi ya vijisehemu vinavyoweza kuwekwa katika kipande kimoja cha silikoni ingeongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akarekebisha hesabu yake kuwa kila baada ya miaka miwili. Mwendo huo umepungua siku hizi, lakini desturi ya kutoa kizazi baada ya kizazi haikukoma. Kampuni ya Apple ilitoa prosesa yake ya M1 mwaka 1 wa mfululizo huo, yaani 2020, kisha M2 mwaka 2022, M3 mwaka 2023, M4 mwaka 2024 na M5 mwaka 2025. Nayo Intel, mwezi Desemba 2023, ilitoa kizazi ilichokiita Meteor Lake, maana yake Ziwa la Kimondo. (Sisi wa Songwe tunacho kimondo chetu pale Mbozi, bonge la chuma la tani nyingi, nacho hakijahitaji kizazi cha pili ili wanafunzi waende kukitazama.) Kabla mwaka haujatimia, Septemba 2024, kampuni hiyohiyo ikatoa Lunar Lake. Basi anayengoja kizazi kijacho, siku kitakapofika atakuta kingine kimekwisha kutangazwa, na sababu iliyomfanya angoje mara ya kwanza itakuwa na nguvu ileile mara ya pili.

Tena hicho kinachotangazwa Marekani leo hakiwi dukani Tunduma kesho. Huanza kwa bei ambayo mwanachuo hawezi kuikaribia. Kompyuta zilizo karibu na uwezo wetu aghalabu ni za mtumba, zilizotumika katika ofisi za ng'ambo kwa miaka kadhaa, zikaingia Kariakoo, ndipo zikapanda basi kuja Mbeya na huku kwetu. Kwa hiyo mwanachuo anayesema anangoja prosesa mpya, kwa kweli anangoja kitu ambacho hatakinunua hata kitakapotoka.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi huitumia kompyuta kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutunga na kuchapa mitihani, kujumlisha alama na kupanga wanafunzi kwa nafasi, kutayarisha picha na kadi za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu, kusoma vitabu katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na pengine kuonyesha filamu fupi kwa projekta, kama shule inayo. Hakuna hata moja kati ya kazi hizi inayoishinda prosesa nzuri ya mwaka 2018. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kisha vikagawiwa walimu, havikuwa na prosesa za kushangaza dunia, lakini mwalimu aliyekuwa na somo la kutayarisha alilitayarisha.

Kinachomchelewesha mwalimu mara nyingi ni kingine. Tuchukulie kwamba prosesa ni mwalimu mwenyewe, kumbukumbu ya kazi, ambayo wauzaji huiita ramu, ni meza yake, na diski ni kabati la ofisi. Mwalimu awe hodari namna gani, ukimpa meza isiyotosha madaftari kumi, kutwa nzima atakuwa akisimama kurudisha madaftari kabatini na kuchukua mengine. Na kama kabati lenyewe lina mlango mzito, ndivyo ilivyo diski ya zamani inayozunguka, basi kazi ya nusu saa itachukua asubuhi nzima. Kompyuta yenye prosesa ya miaka sita iliyopita, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya aina ya SSD humfaa mwalimu kuliko yenye prosesa ya juzi, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na diski ya kuzunguka. Hili ningependa kila mwanachuo alipime kwa macho yake: afungue mafaili yaleyale katika mashine mbili za namna hiyo, akiwa na saa mkononi.

Ipo hoja moja ya wanaongoja ambayo naikubali. Prosesa mpya hutumia umeme kwa uangalifu zaidi, na kwa mwalimu atakayepangwa katika kijiji cha Momba au Ileje ambako umeme haujafika shuleni, au hukatika mara kwa mara, betri inayodumu ni jambo la maana sana. Lakini vizazi vya miaka michache iliyopita navyo vimekwisha kupiga hatua katika jambo hilo, na aghalabu betri iliyochakaa ndiyo inayoiaibisha kompyuta ya mtumba. Betri hubadilishwa na fundi.

Katika historia ya nchi yetu kuna mfano unaotuhusu. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, ikafungwa katika Wizara ya Fedha. Shughuli za hesabu za Serikali kwa njia ya kompyuta hazikwenda kama ilivyotarajiwa, fedha za kigeni zikatumika kwa wingi, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Katazo hilo lilikuja kulegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma ikaamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakuwapo wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafunzwa ualimu kwa miaka mitatu hukohuko vijijini huku wakifundisha, wakisaidiwa na masomo ya posta na vipindi vya redio.

Hayo ni maamuzi mawili juu ya kungoja, yaliyotoka katika mwaka mmoja. Sisemi kwamba la pili halikuwa na gharama; ubora wa ufundishaji uliumia mahali pengi, na wazee wetu waliofundishwa na walimu wale wanaweza kusimulia mazuri na mabaya yake. Lakini waliokutana Musoma walianza kwa kuuliza kuna kazi gani na watoto wangapi wanaingoja, kisha wakatafuta chombo kilichopatikana. Wale waliopiga marufuku kompyuta walikuwa na sababu zao za uchumi, wala si haki kuwacheka leo. Hata hivyo kosa lililotangulia lilikuwa kununua mashine kabla ya kuwa na watu wa kutosha wa kuiendesha, na kosa la namna hiyo huponywa kwa kufunza watu. Mtu hajifunzi kuendesha kompyuta ambayo haipo.

Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa ya mwanachuo anayengoja. Miaka ya chuo ndiyo miaka ya kukosea bila kuumiza watoto. Mwanachuo mwenye kompyuta ya kawaida katika mwaka wa kwanza, ifikapo wakati wa mazoezi ya kufundisha, ameshaandika maandalio mengi, amejua kutengeneza jedwali la alama, amejua hata namna ya kuokoa kazi umeme unapokatika. Aliyengoja huanza kujifunza hayo siku anayokabidhiwa darasa la wanafunzi themanini. Prosesa mpya haitamrudishia miezi ile.

Tena fedha yenyewe haikai ikingoja. Sote tunajua maisha ya nyumbani kwetu. Fungu lililotengwa baada ya mauzo ya kahawa litakutana na msimu wa mbolea ya mahindi, litakutana na msiba, litakutana na ada ya mdogo wake. Na ile imani kwamba vifaa hivi hushuka bei siku zote si ya kutegemewa. Katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa janga la Korona, vipande vya silikoni viliadimika duniani. Na tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu za kompyuta imepanda sana, kwa kuwa viwanda vinashughulikia zaidi mahitaji ya mitambo mikubwa ya akili bandia.

Wapo wanaopaswa kungoja kweli. Mwanachuo ambaye angelazimika kuchukua mkopo wa kausha damu ili anunue kompyuta, huyo na angoje, atumie zile za maabara ya chuo, wala asione haya. Vivyo hivyo yule ambaye bado hajajua ataitumia kwa kazi gani. Kungoja uwezo na kungoja kazi ni busara; kungoja tangazo la kampuni ni jambo jingine.

Sasa nirudi kwenye ule upande wa chini. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya masahihisho ya usalama kwa Windows 10. Inayofuata, Windows 11, haikubali rasmi kila prosesa: kwa zile za Intel, kwa ujumla inataka kizazi cha nane kwenda mbele, na kwa za AMD inataka Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda mbele. Kizazi hicho cha nane cha Intel kilianza kutoka mwaka 2017. Ofisi nyingi ng'ambo zina sababu ya kuziondoa mashine zilizo chini ya hapo, na mashine inayoondolewa kule hutafuta mnunuzi mahali kama kwetu. Mwanachuo asiyejua kusoma namba atauziwa, tena kwa maneno matamu.

Kusoma namba hizo si kazi ngumu. Katika prosesa ya Intel iitwayo i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, nacho ni kizazi cha nane. Katika i7-7500U tarakimu hiyo ni 7. Muuzaji atakwambia kwamba i7 ni kubwa kuliko i5, nawe utadhani umepata bahati. Kumbe ile i7-7500U ina viini viwili tu vya kutendea kazi, ilhali i5-8250U ina vinne, tena ya kwanza hukataliwa na Windows 11 na ya pili hukubaliwa. Ukiona i5-10210U ujue ni kizazi cha kumi. I5-1135G7 ni cha kumi na moja. Kwa hiyo jina la i3, i5 au i7 lisikushughulishe kabla hujaisoma namba inayofuata. Mwenye mashine ya zamani naye asiitupe, kwani mfumo wa Linux, kama ule uitwao Ubuntu, hupatikana bure na huweza kuipa miaka mingine ya kazi. Ila ataje mapema kwa fundi kwamba anataka huo, na akubali kujifunza upya mambo machache.

Hapa Tunduma tuna jambo la ziada. Mpaka uko hatua chache tu, na wapo wanaovuka kwenda Nakonde kutafuta bei nafuu, wakipiga hesabu ya kwacha na shilingi kichwani. Mtu asivuke kwa ajili ya tofauti ndogo. Mashine ikiharibika baada ya wiki mbili, itabidi avuke nayo tena kumtafuta muuzaji, na kama hana karatasi za forodha atakuwa na maelezo ya kutoa pande zote mbili. Akinunua upande wetu adai risiti ya mashine ya EFD yenye jina la kifaa na tarehe, na dhamana iandikwe, hata kama ni ya mwezi mmoja.

Kabla ya kulipa, aiwashe kompyuta bila chaja na kuitumia kwa nusu saa palepale dukani. Atazame betri imeshuka kwa kiasi gani, abonyeze kila herufi ya kibodi, afungue sehemu ya maelezo ya mfumo na kuisoma namba ya prosesa mwenyewe badala ya kutegemea kibandiko kilichobandikwa nje, kwa maana kibandiko hubanduliwa na kubandikwa kingine. Muuzaji akikasirika kwa nusu saa hiyo, maduka mengine yapo barabara hiyohiyo.