Maoni: Filme za Japani na Korea zinasema juu ya lupango zetu, tuzisikilize kwa Kiswahili

Hapa Manika, kila filme yenye mtu wa Azia tunaiita filme ya Wachina. Wachina tunawaona kila siku kwenye kampuni za madini, basi mtoto akimwona Mjapani ameshika upanga, au polisi wa Korea anamfukuza mwuaji, anasema tu, "Mchina yule anapiga kweli!" Wasomaji wetu, nanyi mnaotusikiliza katika kartiye na katika familia zilizohamishwa, naomba leo tutenganishe mambo. Filme nyingi zinazopita kwenye flashi za vijana wetu zinatoka Japani na Korea ya Kusini. Zile nzuri kati yake hazisemi juu ya ngumi. Zinasema juu ya udongo, juu ya nyumba, na juu ya mtu aliyeondolewa bila kuulizwa. Hayo ni mambo yetu, na ni haya kwamba wazazi hatuzijui.

Tuanzie Shinkolobwe, upande wa Likasi. Mawe yaliyochimbwa pale wakati wa Union Minière yalitoa sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwezi wa Machi 1954 Wamarekani walijaribu bomu lenye nguvu zaidi katika bahari ya Pasifiki, na vumbi lake likawaangukia wavuvi wa Japani waliokuwa kazini. Novemba ya mwaka ule ule, Ishirō Honda akatoa filme ya Gojira, yule tunayemwita Godzilla: zimwi la baharini lililoamshwa na mabomu, linapanda inchi kavu na kubomoa Tokyo. Watoto wanacheka wakiona linavyokanyaga nyumba. Lakini mtu wa Katanga anayejua habari ya Shinkolobwe hawezi kucheka tu. Jiwe lilitoka kwetu, likaenda mbali, likaua watu, na waliobaki wakatunga hadithi ya zimwi ili waweze kusema yaliyowapata. Ni wazazi wangapi hapa wamewaeleza watoto wao habari hiyo?

Filme ya pili ni ya Hayao Miyazaki, ya mwaka 1997. Kwa Kifaransa inaitwa Princesse Mononoké. Ni katuni, lakini si ya watoto wadogo, kwa sababu damu inamwagika. Nguruwe wa pori, mkubwa kama nyumba, anakuja kijijini akiwa amepagawa kwa maumivu. Ndani ya mwili wake wanakuta kipande cha chuma. Kijana Ashitaka anamwua, analaaniwa, kisha anafuata njia ili ajue chuma kile kilitoka wapi. Anafika kwenye mji wa wafua chuma, unaoongozwa na mwanamke anayeitwa Eboshi. Eboshi anakata msitu apate chuma, na miungu ya msitu inapigana naye. Lakini mwanamke huyo huyo amewapa kazi na heshima wanawake waliokuwa wameuzwa, na anawatunza wenye ukoma ambao hakuna mtu aliyetaka kuwagusa. Je, tumwite mbaya? Hapa Kolwezi swali hilo tunalijua. Kariere inalisha familia, na kariere inakula kartiye. Miyazaki hatoi jibu rahisi. Mwishoni majani yanaota tena, lakini msitu wa zamani haurudi.

Kwa mtoto mdogo afadhali Pompoko, ya Isao Takahata, ya mwaka 1994. Wanyama wa pori wanaoitwa tanuki wanaona vilima vyao pembeni ya Tokyo vinasawazishwa ili mji mpya ujengwe. Wanakutana, wanagombana, wanatumia uchawi wao wa kujigeuza ili wawaogopeshe wajenzi. Wanashindwa. Wengine wanajigeuza watu na kwenda kazini kila asubuhi, wamechoka, kama kila mtu wa mjini.

Familia iliyohamishwa haihitaji kufafanuliwa filme hiyo. Septemba 2023, Amnesty International na shirika la hapa kwetu IBGDH walitoa ripoti juu ya watu walioondolewa kwa ajili ya shaba na kobalti Kolwezi na pembezoni. Watu wa Cité Gécamines walieleza mle kwamba hawakuulizwa inavyopasa na kwamba feza ya fidia haikutosha kupata nyumba kama ile waliyoiacha. Ripoti ni ya lazima. Lakini mtoto wa miaka tisa hasomi ripoti. Akiona tanuki wanatazama mahali palipokuwa kilima chao, ataweza kumwuliza mama yake, "Na sisi, kwetu palikuwa namna gani?" Nyumba nyingine swali hilo halijaulizwa hata leo, kwa sababu mkubwa anaogopa kulia mbele ya watoto.

Sasa tuje Korea. Parasite, ya Bong Joon-ho, ilitoka 2019, na Februari 2020 ilipata zawadi nne za Oscar. Ilikuwa mara ya kwanza filme ya lugha isiyo Kiingereza kupewa ile ya filme bora. Familia maskini inaishi katika nyumba ambayo nusu yake iko chini ya ardhi, na inaingia kwa ujanja kufanya kazi kwa tajiri. Usiku mmoja mvua kubwa inanyesha. Maji machafu yanajaa nyumba ya maskini, na wanalala katika jumba la michezo pamoja na watu wengine wengi. Asubuhi mke wa tajiri anashukuru mvua kwa sababu imesafisha hewa, anatayarisha sikukuu ya mtoto wake. Mvua ni ile ile moja. Aliyewahi kulala na mabati yanayovuja mwezi wa Januari ataelewa filme hiyo mapema kuliko wenye vyeo.

Bong huyo huyo alitengeneza Memories of Murder mwaka 2003, juu ya mauaji ya kweli ya wanawake yaliyotokea Hwaseong kuanzia 1986 hadi 1991. Katika filme polisi wanawapiga watu ili wakubali kosa, na mwuaji hapatikani. Mwaka 2019 alama za mwili zilimfichua mwuaji wa kweli, ambaye alikuwa tayari gerezani kwa kosa lingine. Desemba 2020 korti ilitangaza kwamba mtu aliyekuwa amefungwa karibu miaka 20 kwa moja ya mauaji yale hakuwa na kosa. Vijana wanaokimbilia kumpiga mtu mara tu wanaposikia "Mwizi!" wangefaa kuijua hadithi hiyo kabla ya kuokota jiwe.

Na iko Rashōmon ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1950. Mtu ameuawa msituni. Mnyang'anyi anasimulia yake, mke wa marehemu yake, marehemu mwenyewe anasema kupitia mganga, na mkata kuni naye ana yake. Hakuna mbili zinazofanana. Kuna wanaosema filme hiyo inafundisha kwamba ukweli haupo. Mimi sikubali. Inafundisha kwamba ukimsikiliza shahidi mmoja umesikia faida yake tu. Kartiye ikihamishwa, kampuni inasimulia, serikali inasimulia, chifu anasimulia. Mjane aliyekuwa akiuza makala mbele ya lupango yake, nani anaandika maneno yake?

Hapo tunafikia shida yenyewe. Filme hizi zinatufikia kwa Kifaransa, au kwa maandishi ya Kifaransa yanayopita mbio chini ya picha. Mama ambaye hakusoma anaona midomo inachezacheza tu, anainuka na kwenda kusonga bukari. Mtoto anabaki peke yake na damu na upanga.

Dawa yake ni ya zamani. Japani kwenyewe, wakati sinema haikuwa na sauti, alisimama mtu kando ya picha akawasimulia watu. Aliitwa benshi, na kaka ya Kurosawa alifanya kazi hiyo. Korea nao walikuwa na wao. Tanzania watu walimfuata Lufufu, Kenya wanamfuata DJ Afro, wote wakisimulia filme za kigeni kwa Kiswahili. Kolwezi tuna watu wenye kinywa kuliko hao. Waendeni matangani na sokoni, mtawasikia.

Ninawaomba wenye nyumba za video watoe Jumamosi moja kwa mwezi: filme moja, msimulizi mmoja wa Kiswahili chetu, na nusu saa ya maongezi baadaye. Mlangoni waandike umri; Memories of Murder na Parasite si za watoto. Redio za jamii nazo zinaweza kusimulia filme nzima kwa sauti, kwa wale wasio na umeme wala televisheni. Hadithi inayosimuliwa vizuri haihitaji picha.

Najua nitaambiwa kwamba aliyepoteza nyumba anataka nyumba, hataki sinema. Ni kweli, na filme hailipi fidia ya mtu. Lakini siku tume itakapokuja kuuliza, atakayesikilizwa ni yule anayeweza kueleza kwa mpangilio: tulikuwa wapi, nani alikuja, alisema nini, tuliondoka na nini. Kusimulia ni kazi inayohitaji mazoezi, na kwa kuwa flashi tayari ziko mifukoni mwa watoto wetu, tuanze mazoezi hayo wiki hii.