Makombe Waliyoleta Watoto Kutoka Ziwani



Watoto wakirudi kutoka ufuko wa Tanganika, iwe Kalemie, Moba au Uvira, mifuko yao huwa imejaa makombe ya konokono. Mara nyingi mama huyatupa jalalani siku ya pili kwa sababu ya uvundo. Sisi twasema: msiyatupe. Kwa uzi na subira yaweza kuwa mkufu wa dada, bangili ya rafiki au zawadi ya nyanya. Lakini kabla ya kazi yapo mambo mawili ambayo mzazi hana budi kuwafundisha wanawe.

La kwanza: tuokote yale yaliyotupwa na mawimbi mchangani, tusiyatoe ziwani. Konokono mkubwa wa Tanganika, ambaye wataalamu humwita Neothauma, akifa huacha kombe lake chini ya maji, nalo hukaa miaka mingi sana bila kuharibika, kwa kuwa maji ya ziwa hili yana chokaa nyingi. Makombe hayo matupu ni nyumba. Wako samaki wadogo, wengine wasiozidi sentimita 5, ambao hutaga mayai ndani yake, na watoto wao hujificha humo adui apitapo. Atoaye kombe ziwani huenda akavunja makao ya jamaa nzima. Na kombe lenye konokono hai lirudishwe majini, hata likiwa zuri kuliko yote.

La pili ni kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huu hukua ndani ya konokono wadogo wa maji yaliyotulia, hasa penye majani, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Basi watoto wasitafute makombe mahali pa namna hiyo. Kombe kavu la mchangani halina hatari hiyo.

Sasa kazi yenyewe. Yachemsheni makombe kidogo katika sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula tena, myasugue kwa sabuni na mswaki wa zamani, myaanike kivulini. Kutoboa ndiyo kazi ngumu. Msitumie nyundo na msumari, maana kombe hupasuka. Mtoto na asugue mgongo wa kombe juu ya jiwe la kukwaruza lililoloweshwa maji, polepole, mpaka tundu dogo litokee. Maji huzuia vumbi, nalo vumbi la makombe si jema kwa mapafu. Kisha apitishe uzi wa nyavu, apige fundo baada ya kila kombe ili yasigongane. Makubwa yakae katikati, madogo pembeni. Tone la mafuta katika kitambaa litayapa mng'aro. Mtoto mchanga asiachiwe makombe madogo, asije akayameza, wala asivishwe mkufu alalapo.

Msiharakishe kumsaidia mtoto. Kombe la kwanza litavunjika, labda na la pili. Mwacheni achukue la tatu. Hapo ndipo ajifunzapo kwamba kitu kizuri hutaka muda, na kwamba mapambo si lazima yatoke dukani.

Tena wakati wa kutunga uzi ni wakati wa mazungumzo. Wazee wa Waluba walikuwa na ubao uitwao lukasa, uliopambwa ushanga na makombe. Wenye elimu yake waligusa kila alama kwa kidole, wakasimulia habari za wafalme na safari za kale. Nasi tuwaulize watoto: kombe hili uliliokota wapi? Nani alikuwa nawe? Mliona nini siku ile? Hivyo kila kombe litashika neno lake, na mtoto atakayevaa mkufu huo atakuwa na habari ya kuwasimulia wadogo zake.

Jaribuni, wazazi wapenzi, Jumamosi moja jioni, baba naye akiwapo.