Mwanga Nao Husukuma

Mwanafunzi amalizaye masomo ya sekondari huwa amekwisha kufundishwa kwamba mwanga huakisiwa na kioo na hupinda uingiapo majini. Kwamba mwanga husukuma, pengine hajaambiwa kamwe. Kwa maoni yangu hilo si pengo dogo.

Ni kweli kwamba msukumo huo ni hafifu mno. Mwanga wa wati moja, ukifyonzwa wote na kitu, hukisukuma kwa kani ya nyutoni moja iliyogawanywa kwa milioni 300. Hata hivyo, mwaka 1971 Arthur Ashkin na Joseph Dziedzic, katika maabara za Bell nchini Marekani, walielekeza mwali wa leza wa takriban robo wati kutoka chini, na kigololi cha kioo chenye kipenyo cha sehemu mbili hivi za mia za milimita kikaelea hewani.

Mambo hunoga zaidi chembe zinapokuwa nyingi. Kila chembe hutawanya mwanga, na mwanga huo huzisukuma jirani zake. Mwaka 1989 ilidhihirishwa kwamba vigololi vya plastiki majini, viangazwapo kwa leza, hujipanga kwa nafasi zinazotokana na urefu wa wimbi la mwanga, ingawa havikufungwa kwa chochote. Kisha mwaka 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna na wenzao walielekeza miali miwili iliyobeba chembe mbili ndani ya ombwe, wakayarekebisha mawimbi yake hata chembe moja ikaathiriwa na mwenziwe kuliko ilivyomwathiri.

Je, kanuni ya tatu ya Newton imevunjika? La. Mwanga uliotawanyika umeondoka na momenta yake, na anayezihesabu chembe mbili peke yake amemsahau mshirika wa tatu. Lakini ni wanafunzi wangapi wangeligundua hilo? Tumewazoesha kuighani kanuni hiyo kama shairi, wakapata alama zao, yakaishia hapo.

Wapo wasemao kwamba mada hii ni ya vyuo vikuu, kwa kuwa shule zetu hazina leza za aina hiyo. Sikubaliani nao. Ubao na chaki vyatosha kuuliza: chembe ya kwanza yaisukuma ya pili kuliko inavyosukumwa nayo, tofauti hiyo imechukuliwa na nani?