HOFU HAINUNULIWI KWA PESA

Nina dukuduku na leo nalitoa.

Mkutano wa mwisho wa chama chetu uliishia kwa mabishano. Tulitaka kutengeneza filamu fupi ya kutisha, ya wakati wa Krismasi, tuipeleke kwenye tamasha za drama na filamu. Wengine wakasema eti haiwezekani: hatuna kamera ya maana, hatuna taa, hatuna pesa. Tukatawanyika tumenuna. Mimi nasema hicho ni kisingizio!

Hebu tuwatazame Waingereza. Kuanzia 1971 hadi 1978, BBC ilionyesha filamu fupi ya kutisha kila Krismasi. Ile ya 1976 inaitwa The Signalman. Ina nini cha ajabu? Wanaume wawili wakizungumza kibandani, reli, mdomo wa handaki, kengele na taa nyekundu. Basi! Mmoja ni mfanyakazi wa reli. Mzuka humtokea kabla ya kila ajali, lakini haumwambii itatokea wapi wala lini. Haifiki hata dakika 40, na nywele zinakusimama.

Siri yake si pesa. Hadithi hiyo iliandikwa na Charles Dickens mwaka 1866. Mwaka mmoja kabla, yeye mwenyewe alikuwa ndani ya garimoshi lililopata ajali huko Staplehurst, watu 10 wakafa, naye akawahudumia majeruhi. Hofu aliijua, hakuiazima kwa mtu.

Hata hapa kwetu, filamu ya Kati Kati ya Mbithi Masya imejifungia karibu yote katika loji moja, na mwaka 2016 ilipata tuzo ya wahakiki kule Toronto.

Je, sisi wa Nakuru hatuijui hofu? Desemba ikifika, magari hufuatana kupanda Salgaa na Sachangwan, watu wakienda nyumbani. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa, watu zaidi ya 30 wakaaga dunia. Nani kati yetu hajawahi kumngoja mtu aliyesema, "Nimefika Naivasha," kisha simu yake ikazimika?

Basi filamu yetu ni hiyo. Mama yuko jikoni. Chapati zinapoa. Taa za magari zinapita ukutani, hakuna linalosimama. Mara simu inalia, namba haijulikani. Hapo nani atauliza kamera ilinunuliwa pesa ngapi? Simu ya mwalimu yatosha.

Lakini tuwe waangalifu. Humu shuleni mna waliofiwa barabarani. Tusiwaonyeshe damu wala vyuma vilivyopondeka. Simu na mlango uliofungwa vinatosha, na pengine dereva mmoja akiitazama atapunguza mwendo.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Muhula ujao tuiname, jamani. Chapati nitaleta mimi!