Adabu ya Mgeni Huanzia kwenye Malipo

Leo naomba tuambizane ukweli juu ya namna sisi, na wazungu tunaowashawishi, tunavyokwenda kutembea Zanzibar.

Mimi ni muuguzi hapa Uingereza. Kazini wakishajua unatoka Unguja, maswali hayaishi: nikae wapi, nile nini, nivae nini? Wakishauliza, wengi hununua safari nzima kwa wakala wa hapahapa: tiketi, chumba, chakula, vinywaji, hata safari ya kwenda Jozani kuwaona kima punju. Kila kitu kimelipwa kabla ndege haijaruka. Mgeni akifika Nungwi anakula ndani, anakunywa ndani, anaogelea mbele ya hoteli, anarudi kwao. Mwenye ngalawa, muuza urojo na dereva wa teksi wanamwona kwa mbali, kama meli inayopita. Hoteli inaajiri, sikatai. Lakini mshahara wa mhudumu ni jambo moja, na mwenyeji kuwa na biashara yake ni jambo jingine.

Wakirudi husema waliiheshimu sana nchi yetu: walijifunga kanga, walisema "jambo", hawakumkera mtu. Vizuri. Lakini ni heshima gani hiyo isiyofika kwenye chungu cha mwenyeji? Mimi nasema adabu ya kwanza ya mgeni ni kumtafuta mwenyeji mwenyewe, kupatana naye bei na kumlipa yeye.

Najua mtanijibu: "Dada, watu wetu matapeli." Wapo, na mapapasi hatuwezi kuwakana. Lakini tapeli huepukwa kwa kuuliza, si kwa kuwasusa watu wote. Zanzibar, kampuni na waongozaji watalii husajiliwa na Kamisheni ya Utalii. Bara, kampuni inatakiwa iwe na leseni ya utalii. Omba uione. Usitume fedha zote mapema. Toa arubuni, zilizobaki ulipe ukifika. Piga simu uzungumze naye. Hapo ndipo sisi tunapofaa, maana lugha tunayo. Dakika kumi za simu yako zinaweza kumpa kijana wa Jambiani kazi ya wiki nzima.

Bara nako ni hivyo hivyo. Ukipata bei ya chini mno ya kupanda Kilimanjaro usishangilie. Jiulize nani anaibeba nafuu hiyo. Mara nyingi ni mpagazi. Kanuni inataka mzigo wake usizidi kilo 20. Muulize mwenye kampuni anawalipa wapagazi kiasi gani kwa siku, na wanakula mara ngapi. Anayewatendea haki hatasita kujibu.

Halafu kuna suala la picha. Wodini hatumpigi mgonjwa picha bila ridhaa yake. Mbona mama aliyeinama kwenye maji akivuna mwani hupigwa picha kama mnazi? Kilimo hicho kimewapa kina mama wa Paje na Jambiani fedha zao wenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni kazi, si pambo la pwani. Msalimie, muulize, akikataa basi.

Wala tusiwanyooshee kidole wazungu peke yao. Wapo wenzetu wanaoshuka na pauni zao, wanakatiza Mji Mkongwe na vikaptula mchana wa Ramadhani, kisha wanambana mama wa vikapu awapunguzie shilingi elfu mbili. Kuzaliwa Mkunazini si ruhusa ya kukosa adabu.

Basi kabla ya likizo ijayo, kila mmoja wetu awe na namba za watu watatu anaowaamini: dereva, mwenye nyumba ya wageni na mwongozaji. Mwenzako kazini akikuuliza aende wapi, usimtajie hoteli. Muunganishe na mtu.

Naomba kuwasilisha.